Mapeasi ya Lushoto na ya Sauzi: kisa cha maboksi mawili yaliyorudishwa

Naanza na maboksi yenyewe maana ndo yaliyoniumiza. Mwezi wa tatu, mapeasi kule kwetu Lushoto yakiwa bado mengi, nilipeleka maboksi mawili kwa mama mmoja mwenye mgahawa hapa Dar, mteja wangu wa siku nyingi, huwa namuuzia karoti na maparachichi, safari hii akataka mapeasi ya kuweka kwenye saladi ya matunda na mengine ya kupanga kwenye bakuli pale kaunta. Siku ya tatu akanipigia. Hakugomba, sauti tu ilikuwa imepoa, akasema "mwanangu hebu pita hapa uone mzigo wako."

Nikapita. Nusu ya mapeasi yalikuwa bado magumu mpaka kisu kinasita, nusu nyingine yamelainika lakini ukipasua unakuta kuzunguka mbegu pamekuwa kahawia kama chai iliyolala, na ukitafuna unasikia mchanga kwenye meno. Alafu akafungua friji akatoa peasi moja la supamaketi, yale ya Sauzi yenye kistika, akalikata palepale mbele yangu na maji yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Akanipa kipande. "Onja, alafu uniambie mwenyewe." Nikaonja, na sikuwa na la kusema, lilikuwa tamu, laini, linayeyuka, hakuna mchanga wala ukakasi.

Nikamrudishia hela yake. Lakini mimi ni Msambaa, nimekulia chini ya hiyo miti, na jambo lile lilinikaa kifuani. Wenzangu sokoni wakanambia achana nayo, mbegu yenu imechoka, huko mlimani wang'oe wapande za kisasa. Inawezekana, ila sikutaka kukubali kabla sijaangalia kwa macho yangu, kwaiyo nikalifuatilia hili jambo kama wiki tatu hivi, nikapanda mlimani, nikarudi, nikajaza jiko la nyumbani mapeasi mpaka watoto wakachoka. Nilichokiona ni kwamba siku ile pale mgahawani hatukuwa tunalinganisha tunda na tunda. Tulikuwa tunalinganisha tunda lililovundikwa na tunda ambalo halijawahi kuvundikwa hata siku moja. Peasi letu lina kasoro zake na nitazisema zote, lakini kasoro kubwa kuliko zote iliyonirudishia maboksi haikutoka kwenye mti.

Kwanza hili neno kienyeji, maana watu wanalitumia bila kufikiri. Peasi si tunda la Afrika, asili yake Ulaya na Asia, na kwenye milima yetu lilikuja na Wajerumani na wamisionari wao, enzi hizo mji wa Lushoto unaitwa Wilhelmstal, walipoona kwamba kwenye mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari kuna ubaridi unaofanana kidogo na wa kwao. Kwaiyo sisi tukisema peasi la kienyeji tunamaanisha ule mti uliokutwa na babu, hauna jina, hauna kibao, unazaa kila mwaka bila dawa na bila kupogolewa. Sasa peasi la Ulaya ili lichanue vizuri linadai baridi kali, mamia ya masaa chini ya nyuzi 7, na Lushoto pamoja na ukungu wake wote haifiki huko. Miti iliyodumu kwetu ni ile isiyodai sana. Na duniani kote mapeasi yasiyodai baridi mengi yana damu ya peasi la Asia, mfano mzuri ni Kieffer, chotara aliyepatikana karibu na Philadelphia kule Marekani karne ya 19, anajulikana kwa kuzaa sana na kuvumilia magonjwa na joto, lakini nyama ngumu, mchanga mwingi, watu wanampendea kupika na kuweka kwenye makopo kuliko kula hivihivi. Nilivyosoma habari za Kieffer nikamuona mjomba wangu amesimama chini ya mti wake, yani tabia ni zilezile.

Sasa lile la Sauzi. Stika ilisema Packham's. Hilo ni tunda la Australia kwa kuzaliwa, alilitoa mkulima mmoja wa New South Wales anaitwa Charles Packham miaka ya 1890, alichanganya peasi la Williams na lingine kubwa la zamani linaitwa Uvedale's St Germain. Na hapa naomba usikimbie, maana pananifurahisha sana. Williams chanzo chake ni mti wa mwalimu wa shule kwenye kijiji cha Aldermaston, Uingereza, karne ya 18, yani ulikuwa mti wa kienyeji kabisa, hadi mwenye kitalu mmoja aitwaye Williams alipousambaza. Miti yake ilivyofika Marekani jina likapotea njiani, bwana Enoch Bartlett akaisambaza kwa jina lake, na mpaka leo Wamarekani wanaliita Bartlett. Na yule mzazi wa pili, Uvedale's St Germain, lilikuwa peasi la kupika, gumu, watu hawalili bichi. Kwaiyo hili tunda laini la supamaketi baba yake ni mti wa nyumbani kwa mwalimu na mama yake ni peasi la sufuria. Mtu akinambia la kwetu halifai kwa sababu halina jina au kwa sababu ni la kupika, mimi hayo mawili hayanitishi tena.

Tofauti iko baada ya mti. Wenzetu wa Sauzi peasi hawalisubiri liive mtini hata kidogo. Wana kifaa chenye ncha wanachokisukuma kwenye nyama ya tunda, kwa Williams kwa mfano wanachuma likiwa linahimili msukumo wa kilo kama 8, wakati la kula linatakiwa liwe chini ya kilo 2. Yani wanachuma jiwe, kwa makusudi. Alafu linaenda kwenye chumba cha baridi karibu na kuganda. Wana peasi lingine, Forelle, lile dogo lenye madoa mekundu, sheria yao ya miaka mingi ilikuwa likae wiki 12 kwenye nyuzi nusu chini ya sifuri kabla ya kutoka kwenda kuuzwa, kwa sababu bila hiyo baridi linanyauka au linakuwa kama unga mdomoni, haliivi inavyotakiwa. Lile tunda nililoonjeshwa mgahawani lilikuwa limepita huko kote ndo likafika kwenye friji ya yule mama.

La kwetu lilipita wapi? Nikapanda basi nikaenda kuona.

Mjomba anakaa upande wa Soni, ana miti kama kumi na mitano, minene, mingine imezeeka hadi imeota ukungu mweupe kwenye magome. Baada ya shikamoo na chai nikamwambia mjomba mapeasi yamerudishwa. Hakushangaa. Akanipeleka shambani nikakuta vijana wawili wa mnunuzi wako kazini. Mmoja yuko juu anatikisa matawi, mwingine chini anaokota na kutupia kwenye tenga, na kwenye tenga moja nikaona matunda ya aina nne tofauti kwa ukomavu, machanga kabisa yenye mbegu nyeupe, yaliyokomaa, yaliyoivia mtini, na yale yaliyoanguka yenyewe juzi yana mchubuko mweusi upande mmoja. Tenga likasindiliwa, likashonewa majani juu, likapakiwa kwenye Fuso, likashuka zile kona za Mombo, za kulia kushoto, mapeasi yanagongana kichwa kwa kichwa njia nzima.

Nikamuuliza mjomba mbona wanachuma yote kwa mpigo. Akanambia, "Mpwa wangu, mti huu niliuuza ukiwa na maua. Hela nilishakula, ilikuwa ya shule. Sasa wakija wanachuma siku yao wao, si siku ya tunda." Sikuongeza swali hapo.

Sasa Kiswahili chetu kina maneno mawili ambayo kwenye peasi ndo kila kitu, kukomaa na kuiva. Embe likikomaa ukaliacha mtini linaivia pale pale na linakuwa tamu zaidi, watoto wote wanajua. Peasi la aina hii haliko hivyo. Linaanza kuiva kutokea ndani kuja nje, kwaiyo ukilisubiri mtini mpaka ganda lilainike, ndani kuzunguka mbegu limeshapitiliza, ndo ile rangi ya kahawia niliyoikuta mgahawani. Na ule mchanga, ule ni chembechembe ngumu kama za mti kwenye nyama ya tunda, mapeasi yote duniani yanazo, nyingi zipo karibu na moyo wa tunda, lakini aina nyingine zimejaliwa nyingi na tunda likikawia mtini zinazidi kusikika mdomoni. Kwaiyo linatakiwa lichumwe likishakomaa kabla halijaiva, alafu livundikwe. Kuvundika! Kitu ambacho kila bibi pwani na bara anakifanya kwa ndizi, mkungu unafunikwa kwa majani unawekewa joto, hakuna anayekula ndizi siku ileile ilipokatwa akasema mgomba mbaya. Peasi ndo tumelinyima hiyo haki.

Kujua limekomaa si kazi ngumu. Unalishika tunda unalinyanyua taratibu mpaka lilale usawa na tawi, kama limekomaa kikonyo kinaachia chenyewe pale kwenye kifundo, kama bado unasikia linakuvuta. Vile vidoadoa kwenye ganda vinabadilika kutoka weupe kwenda kahawia, na ukipasua moja la mfano mbegu zimekuwa nyeusinyeusi. Mjomba hilo la kunyanyua alikuwa analijua, alisema marehemu bibi alikuwa anachuma hivo yale ya nyumbani, alafu anayaweka kwenye pipa la mahindi. Yani elimu tulikuwa nayo nyumbani.

Basi tukachuma kwa mkono kutoka kwenye mti mmoja, uleule uliotoa mzigo wangu wa kwanza, mti wa karibu na choo ambao mnunuzi aliuacha nusu. Nikashuka nayo kwenye boksi la gazeti, nikayapakata kwenye basi. Dar nikayagawa. Fungu moja nikaliweka mezani tu. La pili nikaliweka kwenye boksi lililofungwa pamoja na ndizi mbivu tatu, maana ndizi ikiiva inatoa hewa inayoamsha matunda mengine kuiva. La tatu nikaliomba nafasi kwenye friji ya jirani, pale chini kabisa kwenye baridi, siku kumi, ndo nikaliunganisha na ndizi. Na nikanunua mapeasi sita ya Packham's ya supamaketi ya kulinganisha. Wa kuonja tulikuwa sita, mke wangu, shangazi, watoto wawili, jirani mwenye friji na mimi, nikayamenya yote na kuyakata vipande ili wasijue lipi ni lipi.

Fungu la mezani liliiva hovyohovyo, lingine leo lingine wiki ijayo, mawili yakanyauka shingo bila kulainika. Lile la boksi na ndizi siku ya nne nilifungua nikasikia harufu imejaa chumba, na hapo ndo nilikumbuka utoto, harufu ile ya peasi la kwetu ambayo kwa kweli Packham's hana, ina kitu kama waridi na asali mbichi kwa mbali. Ganda likawa limetoka kijani kwenda njano iliyochafuka. Nikabonyeza karibu na kikonyo, ndo sehemu ya kupimia maana ikilainika pale ujue ndani tayari, pakabonyea kidogo. Nikakata. Ndani peupe mpaka kwenye mbegu, hakuna kahawia, maji yapo. Fungu la friji lilikuwa zuri zaidi ya hilo, limeiva kwa pamoja karibu yote, na shangazi alipopewa kipande chake alisema "hili ni la Sauzi." Lilikuwa la mjomba.

Lakini nisidanganye, mchanga haukuisha. Ulipungua, nyama ya nje ikawa laini kabisa, ila ukikaribia moyo wa tunda unausikia, na watoto wote wawili walilichagua Packham's kwa sababu hiyo tu. Hapo tumeshindwa kihalali na kuvundika hakutatuokoa, huo ni mti wenyewe. Ukubwa pia tumeshindwa, la Sauzi moja linakaribia mawili ya kwetu, na la kwetu kila moja na umbo lake, lina makovu, lina vidonda vya ukungu kwenye ganda, mteja anayepanga kwenye bakuli kaunta hawezi kulitaka. Utamu, kwa ulimi wetu sisi sita, Packham's lilikuwa tamu zaidi lakini utamu wa moja kwa moja, mapeasi ya biashara sukari yake mara nyingi inacheza kati ya 11 na 14 kwa kipimo cha brix na uchachu mdogo sana. La kwetu lina uchachu unaolichangamsha na ukakasi kwa mbali, si ule wa kukunja uso kama bibo, ni wa kukufanya umeze mate, na wakubwa wanne kati yetu walilipenda kwa hilo. Ule ukakasi ndo mapeasi ya kienyeji ya nchi nyingi yanajulikana nao, Uingereza kuna mapeasi machungu hayaliki kabisa lakini yanatunzwa karne na karne kwa ajili ya kinywaji chao cha peasi, kwa sababu la kula halitoi ladha ile. Na sehemu kubwa ya hivo vitu vya kukakasisha iko kwenye ganda, ndo maana ukimenya tunda linakuwa mpole, na ndo maana pia mwenye kutafuta faida ya kiafya ya peasi asimenye.

Sehemu ambayo sikuitegemea ni jikoni. Shangazi ndo aliyesema mbona hamyapiki. Tukachukua manne ya kwetu yaliyokomaa bado magumu, na mawili ya Packham's yaliyoiva kidogo, tukayamenya tukayakata nusu, sufuria mbili, maji, sukari kidogo, iliki, mdalasini na kipande cha tangawizi, moto mdogo. Baada ya dakika kama ishirini za kuchemka taratibu Packham's yalianza kumeguka pembeni, yanakuwa uji. Ya kwetu yalisimama. Tukaongeza muda, yakasimama, rangi ikaanza kuwa ya waridi kwa mbali, na mchanga ule uliotutesa tukautafuta, umekuwa kama punje ndogo zinazoyeyuka, mtoto yuleyule aliyelikataa asubuhi alikula nusu mbili na kunywa maji yake. Hapo nilikaa chini. Maana miaka yote tunalipeleka peasi hili sokoni likashindane na tunda la kuliwa bichi lenye chumba cha baridi, mahali ambapo litapigwa kila siku, na sufuriani ambapo linashinda hatujawahi kulipeleka.

Nikamrudia yule mama wa mgahawa na kontena mbili za plastiki, moja mapeasi yaliyovundikwa, nyingine ya kupikwa na iliki. Nilimwambia ukweli wote, na wa vijana wanaotikisa matawi nao. Akaonja la kuvundikwa, akatikisa kichwa, akasema zuri lakini kwenye bakuli la kaunta nitaendelea kuweka la Sauzi, wateja wanakula kwa macho. Sikubishana, yuko sahihi. Akaonja la kupikwa. Akachukua la pili. Akaita mpishi wake aje. Kwa sasa ananichukulia ya kupika kila Alhamisi, anayaweka juu ya chapati tamu na maziwa mgando, na ameomba yasiwe yameiva, yawe yamekomaa tu, yachumwe kwa mkono, hayo maneno mawili ameshayashika.

Wa kung'oa miti mimi nimeshamjibu moyoni. Ukitaka tunda la kaunta, sawa, pandikiza tawi la aina ya kisasa isiyodai baridi nyingi kwenye shina la zamani, shina letu limeshaizoea ardhi ile, lakini usiguse miti yote, maana ukishaikata hiyo hakuna kitalu cha kuinunua tena, haina jina la kuagizia.

Kilichobaki kigumu ni hela ya maua. Kuchuma kwa mkono kunataka kupita kwenye mti mmoja mara tatu au nne kwa wiki mbili, na mwenye mti aliyeshakula hela mwezi wa tisa hana sauti ya kumwambia mnunuzi rudi Jumatano. Niliongea na mjomba kwa simu juzi, nikamwambia nitatanguliza mimi kidogokidogo, kwa kila boksi, si kwa mti. Akafikiri. Akasema mingine yote ataiuza kama kawaida maana watoto bado wako shule, ila mitatu ya karibu na nyumba, ukiwemo ule wa choo, ameiacha. Niende na ngazi na mfuko wa kitambaa.